Bido la Njano na Mlima Pumua

Plastiki iliyokaa juani miaka mingi, hasa ile iliyowahi kutiwa mawese, ina harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyekulia njiani. Niliikuta tena wiki tulipokuwa tukitoa vitu chumbani kwa baba, tukijiandaa kwa arobaini yake. Wadogo zangu wa mama mwingine walikuwa wakitafuta karatasi za kiwanja. Mimi nilivuta kutoka chini ya kitanda bido la njano, dumu la lita tano, lililopasuka shingoni na kuzibwa kwa mpira uliochomwa. Nikafungua kifuniko nikaweka pua. Kisha nikakaa kwenye kitanda kisicho na godoro na sikuweza kusaidia tena kazi ya siku ile.

Wa rika langu hawahitaji maelezo marefu. Kabla pikipiki hazijajaa kwetu, karibu kila kilichotoka Kasongo kwenda Kabambare kilikwenda kwa baiskeli, na baiskeli yenyewe haikupandwa, ilisukumwa. Tuliiita kinga. Fimbo moja ndefu ilifungwa kwenye usukani ili msukumaji aiongoze akiwa pembeni, nyingine ilisimama nyuma ya kiti ili apate pa kusukumia. Baba alikuwa msukumaji. Tulikuwa watu wa mjini, watu wa msikiti, jina la babu likitajwa wazee wanatikisa kichwa kwa heshima, lakini jina halijazi sufuria. Alikuwa na nyumba ya matofali Kasongo, na alipenda kusema anayo nyingine yenye magurudumu.

Haikuwa mzaha mtupu. Kiangazi, shule ikifungwa, tulisafiri watu watatu: baba, mama na mimi, mtoto pekee wakati ule. Tulikwenda na chumvi, sabuni, betri na vitambaa, tukarudi na karanga, mchele na mawese. Njiani tulikaa wiki mbili, wakati mwingine tatu, na nyumba yetu yote ilikuwa juu ya kinga ile: turubai, mikeka miwili, blanketi moja, sufuria mbili zilizoingiana, kisu, kikombe cha bati, mabido mawili ya maji. Mama aliweza kuitandaza na kuikunja nyumba hiyo kabla mimi sijamaliza kusugua meno. Alikuwa mwanamke wa Kabambare, mtoto wa wakulima, mwenye mikono ya haraka na maneno machache, na aliposilimu ili aolewe na baba alibakiza nyimbo zote za kanisani kwao, akiziimba kwa kunong'ona tukiwa kwenye mteremko.

Baba alikuwa na sheria za kupakia, na alizifundisha kama wengine wanavyofundisha watoto sala. "Kitu nzito inapenda kulala chini," alisema, akiweka chumvi karibu na mhimili wa gurudumu. "Ukiipandisha juu, itatafuta njia ya kushuka, na itashuka na weye." Kila kitu kilikuwa na mwenzake: kilo ya kushoto idaiwe na kilo ya kulia. Kitu laini kiegemee chuma, chuma kisije kikatoboa mzigo. Kitu cha kwanza kuhitajika ndicho cha mwisho kufungwa. Na kitu ambacho hukukitumia safari mbili kibaki nyumbani, hata kama ulikinunua kwa mapenzi. Hivyo ndivyo kioo cha mama kilivyobaki Kasongo, na mama hakumsemesha baba mpaka tulipovuka kijito cha pili.

Hatukuwa na mzani. Mzani nilikuwa mimi. Baba aliniambia nifumbe macho, akanipa furushi mkono huu na furushi mkono ule, akauliza, "Zaina, wapi kunavuta?" Nikimwonyesha upande alihamisha sabuni mbili tatu, akaniuliza tena, mpaka mikono yangu ikanyamaza. Nilikuwa na miaka nane na nilijua kutofautisha uzito wa betri mbili. Mpaka leo siwezi kununua nyanya sokoni bila kuziinua moja moja, na vijana wa pikipiki wananiita Mama Mizani kwa sababu huwaambia mizigo yao imelala upande. Wanacheka. Kisha nawaona wakianguka mbele ya kona.

Katika nyumba ile kusifiwa kulikuwa na neno moja. Furushi lililofungwa vizuri, baba aliliinua na kusema, "Iko mwepesi." Mama akipunguza vyombo, yeye alisema hivyo hivyo, "Mama Zaina, safari hii uko mwepesi," na mama aliinamisha uso asionekane akitabasamu. Kwangu wepesi ulikuwa wema. Sikujua kuwa kuna wepesi mwingine.

Maji yalikuwa na sheria zake. Bido kubwa lilikuwa la kazi: kupika, kuosha, kutawadha. Dogo, hili la njano, lilikuwa la kunywa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingiza kikombe ndani yake, sharti umimine. Maji yaliyoosha mchele yaliosha sahani, yaliyoosha sahani yaliosha miguu yangu. Penye chemchemi tulikunywa mpaka matumbo yakalia, kwa sababu, baba alisema, "Mayi ya tumboni haiombi kamba." Na hukujaza mabido zaidi ya safari ya kufika maji yanayofuata. Maji ni mzigo unaoweza kuuacha na kuuokota tena mbele. Chumvi ukiiacha hukuti nyingine.

Sheria hiyo ndiyo iliyoleta desturi ya Pumua. Pumua ni mlima wa njia hiyo upande wa Kabambare. Wasukumaji ndio walioupa jina, maana mtu akifika juu hana kazi nyingine. Upande wa pili, chini kidogo ya kilele, kulikuwa na chemchemi. Kwa hiyo kila msukumaji alisimama chini ya mlima, kwenye jiwe jeupe lililokaa pembeni ya njia, akamwaga maji yake akabakiza ya kulowesha koo tu. Waliita kuupa mlima maji yake. Wengine walisema ukiunyima utakurudisha nyuma. Baba hakuamini mambo ya mlima kunywa, ila aliamini kilo, na kilo kumi za maji kwenye mteremko ule ni kilo kumi. Pale kwenye jiwe palikuwa na majani mabichi hata katikati ya kiangazi, na udongo wa kunata, wakati kote kwingine ni vumbi jekundu.

Kazi ya kumwaga ilikuwa yangu. Watoto wa wasukumaji wote walipenda kazi ile. Baba alisimamisha kinga, akasema, "Zaina, punguza," na mimi nikachukua bido, nikalimimina juu ya jiwe, nikijihisi mtu mzima. Tukianza kupanda aliniambia, bila kugeuka, "Nimesikia. Iko mwepesi." Nilitembea mlima mzima nikiwa na neno hilo.

Safari ninayotaka kuisimulia tulikuwa tumeuza bidhaa zetu katika mji mdogo wa Wamaza, tukielekea Kabambare kwa mjomba, kaka yake mama. Tulikuwa na chumvi iliyosalia na karanga tulizonunua. Asubuhi moja mama hakuamka kukunja nyumba. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu alfajiri, na macho yake yalikuwa yamezama. Baba alimweka juu ya kinga, juu ya karanga, tukaenda polepole mpaka kijiji chenye kituo cha afya, chumba kimoja cha mabati na muuguzi mmoja.

Muuguzi alimwekea serumu mshipani, chupa ya mwisho aliyokuwa nayo. Pikipiki ya kituo ilikuwa imeondoka jana yake na mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mimi nilitumwa kijitoni kufua kitenge cha mama. Kwa hiyo sikuwapo muuguzi alipochemsha maji, akayapima, akatia sukari na chumvi, akayamimina ndani ya bido letu la njano na kumwambia baba maneno ambayo nilikuja kuyajua baadaye sana: "Mama Zaina iko anapoteza mayi mingi. Munywishe kidogo kidogo, kila anapoharisha. Hii bido ndiyo itamufikisha hospitali ya Kabambare."

Niliporudi na kitenge nilimkuta baba akishusha mzigo. Alitoa karanga zote, chumvi yote, sufuria, turubai, bido kubwa, akavipanga ukutani mwa kituo. Sikuwa nimewahi kumwona akipanga vitu bila kuvipima.

"Baba Zaina," mama alisema kwa sauti ndogo, "unaacha chumvi juu ya ugonjwa yangu?"

"Chumvi inajua kungoja," baba akajibu.

Akatandika mikeka juu ya kinga, akamwinua mama kwa mikono miwili. Alipomwinua alisimama kidogo, mama akiwa mikononi, kama alivyofanya na furushi lolote. Nilimsikia akisema, si kwangu, si kwa mama, "Iko mwepesi. Iko mwepesi sana."

Nilifurahi. Nalisema waziwazi kwa sababu nimelificha muda mrefu: nilifurahi. Niliona mama amesifiwa, na kinga imekuwa nyepesi kuliko siku yoyote, na nikajua tutafika Kabambare haraka na mjomba atatuchinjia kuku. Nilitembea nyuma nimebeba bido la njano kifuani, maana kwenye kinga halikuwa na mwenzake wa kulisawazisha. Baba aliniambia tu, "Shika mayi." Kila tuliposimama alilichukua, akammiminia mama kikombe, akamshika kichwa, akanirudishia. Yalikuwa meupe kama maji yoyote. Mimi nilikunywa kijitoni, sikuyaonja.

Tulifika chini ya Pumua jua likiwa limepanda. Baba hakusimama kwenye jiwe. Alikuwa akiongea na mama, akimwambia mambo ya nyumbani, kioo chake kiko salama, akirudi atakikuta. Na alipita na kinga bila kutazama pembeni. Nilidhani amesahau. Nilifikiri, leo baba ana kazi nyingi, na kazi hii ni yangu, akisikia bido limepungua atafurahi. Chemchemi si ipo upande wa pili. Nikaenda kwenye jiwe peke yangu, miguu ikazama kwenye tope, nikafungua bido nikamimina. Nilimwaga kama tulivyomwaga siku zote, nikabakiza ya kulowesha koo.

Maji yalinirukia mkononi. Nikalamba.

Wa rika langu wanajua sukari ilikuwa nini kwetu. Tuliionja Idi na msibani. Nilisimama pale na utamu ule mdomoni, na chumvi nyuma yake, na nikajua, bila mtu kuniambia, kwamba haya hayakuwa maji ya kumwagwa. Nilitazama jiwe. Yalikuwa yamekwisha kunywewa na udongo. Nilifunga kifuniko, nikakimbia kuwafuata, na bido likagonga kifua changu likiwa jepesi.

Mlima mzima sikusema. Baba alisukuma kwa bega, mama akiwa amefungwa kwa kitenge asianguke, na mimi nikasukuma kutoka nyuma kwa mkono mmoja. Nilingoja aseme lile neno. Hakusema, na kwa mara ya kwanza niliomba asiliseme. Juu kabisa mama aliomba maji. Baba alilichukua bido, akasimama. Mkono wake ulijua kabla yake. Alilitikisa, akamimina, kikatoka kikombe kimoja na nusu.

"Zaina," aliniambia, "mayi iko wapi?"

"Mama alikunywa," nikasema.

Alinitazama. Kisha akatazama chini, miguuni kwangu. Nilidhani atanipiga, na heri angenipiga. Badala yake alimnywesha mama kikombe kile chote, akampa na ile nusu, akaliegemeza gurudumu kwenye kichuguu, akaja akachuchumaa mbele yangu. Alivua kofia yake ya kushonwa, ile ya msikitini, akanipangusa miguu nayo, mmoja kisha mwingine, mpaka katikati ya vidole. Mimi nilielewa kuwa tunakaribia Kabambare na hataki niingie kwa mjomba nikiwa mchafu. Alikuwa mtu wa usafi. Akaikung'uta kofia, akaiweka mfukoni, tukateremka.

Chemchemi ya upande wa pili ilikuwa imeshuka, kiangazi kile kilikuwa kikali. Baba alichimba kwa mikono akapata vikombe vichache vya maji yenye tope. Alimnywesha hayo, akayajaza mengine bidoni, na mama aliyatapika karibu yote. Tulifika Kabambare mchana umepinda, mjomba akaja na watu wakambeba mpaka hospitali. Walimwekea serumu mikono yote miwili. Aliishi siku ile na siku iliyofuata. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia ndiyo. Kitenge nilichokifua ndicho alichofunikwa.

Katika kilio, mbele ya kaburi, baba alimnyooshea mjomba mkono. Mjomba hakuupokea. Niliona mkono wa baba ukikaa hewani, ukashuka. Tuliondoka kesho yake, watu wawili na kinga tupu, tukapitia kituo cha afya kuchukua chumvi. Tangu siku ile mjomba hakukanyaga kwetu, wala sisi kwao. Baba alipofika Kabambare kwa biashara alilala nyumba ya wageni. Bibi yangu mzaa mama alikufa na hatukuletewa habari mpaka majani yameota juu yake. Mimi nilijipa sababu yangu mwenyewe: wale ni watu wa kanisa, hawakupenda mama azikwe bila wimbo. Nilikua na sababu hiyo, nikaolewa nayo, nikawaeleza watoto wangu.

Na lile la bido nililiweka chini kabisa, panapowekwa kitu kizito. Baba hakuniuliza tena. Aliendelea kusukuma miaka mingi, nami nilimfuata bado viangazi viwili vitatu. Nililiona jambo moja tu: chini ya Pumua hakusimama kamwe. Alipanda na mabido yamejaa, yote mawili, mishipa ya shingo imemtoka. Nikamwambia mara moja, "Baba, tupunguze." Akajibu, "Iache ijae." Nilidhani ni uzee umemwanza, anasahau sheria zake. Niliogopa pia kwamba ananiadhibu, ananionyesha kila safari uzito wa maji niliyoyamwaga. Sikuthubutu kuuliza.

Sasa nirudi kwenye arobaini. Walikuja watu wengi kuliko tulivyopika. Miongoni mwao alikuja baba mdogo Sumaili, si ndugu wa damu, bali msukumaji mwenzake baba wa miaka yote, mzee sasa, goti moja halikunjiki. Baada ya dua aliniona nimekaa uani na bido la njano mapajani. Akajivuta akakaa karibu.

"Hii bado iko," akasema, akaligonga kwa kidole.

"Alilitunza."

"Ataacha kuitunza namna gani. Hii ndiyo ilimwachisha na shemeji yake." Akanitazama. "Baba yako hakukuambiaka?"

Nikamwambia sijaambiwa kitu. Akapima kwanza, nadhani, kama mtu aliyekufa anaweza kukasirika.

"Mama yako alipokufa," akasema, "mujomba wako alikuwa amepata habari kwa muganga wa ile kituo, ya kama kulikuwa mayi ya dawa, bido nzima. Akauliza baba yako mbele ya wanaume: ile mayi ilienda wapi? Baba yako akasema: ni miye niliimwaga. Pale chini ya mulima, sababu ya uzito. Akasema hivyo. Mujomba wako akamwambia: basi ulimupima dada yangu na chumvi yako. Na wakaachana."

Nilisikia watu wakicheka upande wa pili wa ua, wakigawana nyama. Nikamwambia, "Baba mdogo, si yeye."

"Najua," Sumaili akasema. "Aliniambia, safari ya kwanza nilimukuta anapanda na mayi yake yote, na nikamucheka. Akasema: Sumaili, mutoto hakukosa. Miye ndiye nilimufundisha kumwaga. Nilimwambia shika mayi, sikumwambia mayi gani. Akasema aliona miguu yako iko na matope ya kwenye jiwe, na kote ilikuwa vumbi. Akakupangusa haraka, kusudi mama yako asione. Na kule Kabambare wasione."

Akaligonga bido tena. "Alizunguka kwa wasukumaji wote na ile maneno. Hapana kumwaga kwenye jiwe. Hakusema sababu. Alisema tu, mayi, weye haujui ni ya nani. Watu wakamusikia, kwa kuwa alikuwa mutu wa kupima."

Nililia mbele ya watu, mimi ambaye sikulia siku ya maziko ya baba. Nililia kwa ajili ya kofia ile. Aliiosha mwenyewe, sasa nakumbuka, Kabambare uani kwa mjomba, siku ile tuliyofika, na mimi nikajiuliza kwa nini mwanamume anafua kofia wakati mke wake yuko hospitali. Tulikaa nyumba moja miaka ile yote, kila mmoja na upande wake wa mzigo mmoja, na mimi, mzani wa nyumba, sikuhisi kwamba upande wa pili kuna mtu.

Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Bido nililijaza maji, nikalishika kifuani kama zamani, likivuja kidogo shingoni. Tulipofika chini ya Pumua dereva, kijana mwenye heshima zake, alipunguza mwendo. "Mama, hii mayi tuimwage kidogo," akasema, "tunapanda, na kule mbele kuko bomba." Nikamwambia iache ijae. Jiwe jeupe bado lipo. Hakuna jani bichi hata moja pale, ni vumbi tupu, na hilo lilinichoma kuliko yote, maana ni kazi ya baba.

Mjomba ni mzee sana. Haoni vizuri, amekaa kwenye kitanda chake mlangoni akimenya karanga kwa vidole. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni Zaina, mtoto wa dada yake. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia toka. Mjukuu wake akaniletea kiti.

"Baba yako alikufa," akasema. "Nilisikia."

"Ndiyo, mjomba. Nimekuja juu ya ile maji." Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakapotea yote. "Si yeye aliyeyamwaga. Ni mimi. Yeye hakusimama hata. Nilidhani ni maji ya kawaida, nilitaka kinga iwe nyepesi. Halafu nikamdanganya kwamba mama alikunywa. Alijua, na akajibebesha."

Vidole vyake viliacha kumenya.

"Ulikuwa na myaka ngapi?"

"Nane."

"Nane," akasema. Mjukuu alisogea mlangoni akaondoka, watoto hujua. "Alininyooshea mukono. Unaona? Pale kwenye kaburi. Miye nikamukatalia. Akija Kabambare nilimupita njiani sikumwamukia, na yeye akiinamisha kichwa kila mara, na miye nasema, unaona namna haya inamula." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Kumbe."

Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alinisikia. Aliuliza, "Kaburi yake iko Kasongo?"

"Iko Kasongo."

"Na pikipiki ni siku ngapi?"

"Moja, kama njia ni kavu. Lakini mjomba, dereva amekwenda zake, atarudi kesho kutwa."

Alimwaga karanga zote zilizokuwa mapajani, akainama, mkono wake ukapapasa chini ya kitanda, akitafuta viatu.